Wimbo umekwisha, padre bado anafukiza: jinsi ya kubuni muziki kwenye kinanda wakati wa Misa

Ubeti wa mwisho wa wimbo wa matoleo umekwisha. Padre ndiyo kwanza anapokea chetezo, na mwalimu wa kwaya anakutazama kwa jicho la "fanya kitu". Nipige nini hapo? Swali hili kila anayeanza kukaa kwenye kinanda cha kanisa hulileta. Wengi hurudia kiitikio mara nne mpaka kinapoteza ladha. Wengine huwasha mdundo wa kinanda, na wengine hunyamaza huku wakijifanya wanatafuta karatasi. Kati ya hao watatu, aliyenyamaza ndiye mwenye kosa dogo kuliko wote.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anasindikiza wimbo wa sauti nne akisoma d r m (do, re, mi), lakini karatasi ikiondolewa vidole vinaganda. Ukiufuata kwa wiki sita hivi, nusu saa kwa siku, utaweza kujaza dakika moja na nusu bila karatasi na bila kumwaibisha mtu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kinanda chenye vibao 61 au zaidi. Chenye 49 kitakubana mkono wa kushoto.
- Sauti ya ogani. Kwenye vinanda vyenye orodha ya GM (General MIDI, namba za sauti zinazofanana kwenye vinanda vingi), ogani ya kanisani ni namba 20, na namba 21 inafanana na harmoniamu za zamani. Kinanda chako kikianza kuhesabu kwa 0, punguza moja. Epuka namba 18 na 19, maana hizo ni za ukumbi wa dansi.
- Zima mdundo. Zima pia ule mpangilio unaofanya sauti iongezeke ukibonyeza kwa nguvu: ogani haijali uzito wa kidole chako.
- Pedali ya kushikilia sauti isukume mbali na mguu. Kwenye piano ina kazi yake, kwenye ogani inachanganya kordi mbili (kordi ni noti zinazopigwa pamoja) na kutoa uji.
- Kama parokia ina ogani yenye rejista, yaani vitufe vya kuchagua sauti, zijue namba zake. 8 inalia pale unapobonyeza, 4 inalia oktava moja juu, 2 oktava mbili juu, 16 oktava moja chini. Kwa kujifunza, filimbi ya 8 peke yake inatosha. Ukitaka mwanga kidogo, ongeza filimbi ya 4.
- Mahali unapoiona altare. Kama kinanda kimegeuzwa ukutani, funga kioo kidogo, hata cha pikipiki kinafaa. Bila kuiona altare kazi hii haiwezekani.
- Saa inayoonyesha sekunde, na orodha ya nyimbo za Dominika hiyo.

Wapi unaruhusiwa, wapi unyamaze

Hili lijue kabla ya kordi yoyote, kwa sababu muziki mzuri mahali pasipo pake bado ni kosa. Hati ya Vatikani kuhusu muziki wa liturujia, *Musicam Sacram*, ya 5 Machi 1967 inataja nafasi nne ambapo kinanda kinaweza kupigwa peke yake katika Misa: mwanzoni kabla padre hajafika altareni, wakati wa matoleo, wakati wa Komunyo, na mwisho wa Misa. Hati hiyohiyo inakumbusha kwamba mpiga ogani hata anapobuni papo hapo anatakiwa ajue roho ya liturujia, si vidole tu.

Padre anapotamka kwa sauti sala zake, kinanda kinyamaze. Hiyo ni pamoja na Sala ya Ekaristi yote. Ile tabia ya kupiga kordi laini chini ya maneno ya mageuzo "ili watu waguswe" iache leo.

Kwaresima, kinanda kinasindikiza waimbaji tu. Hakuna kupiga peke yake isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu, kama Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi yanavyosema katika namba 313. Majilio unaweza kupiga, lakini kwa kiasi, usiianze shangwe ya Noeli kabla ya siku yake. Kuanzia baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, ni kusindikiza waimbaji tu, na kwenye Misa ya wafu usipige peke yako.

Hatua ya 1: Chagua noti tano, si wimbo mzima

Usianze na "nijibunie chochote". Chochote huzaa vurugu. Chukua kipande kifupi cha wimbo ulioimbwa sasa hivi, noti 4 hadi 7, hasa zile za mwanzo wa kiitikio. Watu watakitambua hata kama hawajui kwa nini.

Kwa mazoezi tutatumia mwanzo wa *Salve Regina* kwa ile tuni yake nyepesi ya Kigregoriani: d m s l s. Katika Do = F, yaani d ikiwa kibao cha F, hizo ni F A C D C. Ziimbe kwa mdomo mpaka zikukae. Kisichoimbika mdomoni vidole havitakiokoa.

Hatua ya 2: Shikilia besi moja

Mkono wa kushoto ushike d na s za chini, usiachie. Mkono wa kulia upige kipande chako noti moja moja, kila noti mapigo mawili, taratibu. Kisha kijibu kwa noti zako mwenyewe, ukitumia d r m s l pekee.

Noti f na t ziache kwa sasa. Ukikaa juu ya f wakati chini kuna s, au juu ya t wakati chini kuna d, masikio yatauma na hutajua umekosea wapi. Noti tano zilizobaki zinakaa salama popote juu ya besi hiyo. Nyimbo nyingi za kwaya zetu zenye mahadhi ya asili zimejengwa hasa juu ya noti hizohizo, kwa hiyo hatua hii peke yake inakutosheleza kwa nusu ya nyimbo unazopiga.

Fanya hivi wiki nzima. Unaona ni kidogo? Jaribu kwanza kupiga dakika moja bila kurudia jibu lilelile.

Hatua ya 3: Ongeza kordi tatu

Sasa mkono wa kulia unapiga tuni, wa kushoto unaweka kordi. Anza na hizi:

- Tuni ikiwa d, m au s: weka d-m-s.
- Tuni ikiwa f au l: weka f-l-d.
- Tuni ikiwa r au t: weka s-t-r.

*Salve Regina* yetu inakuwa: d, m, s juu ya d-m-s, l juu ya f-l-d, s ya mwisho juu ya d-m-s. Kordi tatu kwa noti tano, inatosha.

Tahadhari tatu hapa, na ndipo wengi wanapokwama.

Kwanza, usibadilishe kordi kwa kila noti. Wimbo wa sauti nne unaweza kubeba hilo, lakini wewe unayebuni utachoka na utasikika kama anayepanda ngazi kwa kukimbia. Badilisha mara moja kwa mapigo mawili, au manne.

Pili, kordi ya noti tatu zilizobanana isishuke chini ya ile C iliyo oktava moja chini ya C ya katikati. Chini ya hapo spika za kanisa hutoa ngurumo tu. Ukitaka kushuka, shuka na noti moja, au d na s.

Tatu, ukiweka besi kushoto na kordi kulia, kutoka f-l-d kwenda s-t-r mikono isipande pamoja. Besi ikipanda kutoka f kwenda s, mkono wa kulia ushuke: l-d-f inakuwa s-t-r. Zote zikipanda kwa hatua moja, sauti inakuwa tupu, kama watu wawili wanaosema jambo lilelile kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: Jifunze kumalizia kabla ya kujifunza kuendelea

Mwanafunzi hujifunza kuanza, hujifunza kurefusha, halafu padre anasema "Salini ndugu" yeye bado yuko katikati ya mawazo. Kumalizia ndiko kunakoleta amani, kwa hiyo fomula hii iingie kwenye vidole mpaka uipige ukiwa unaangalia pembeni.

Mkono wa kulia, kutoka noti ya chini kwenda ya juu:

s d m → l d r → s t r → m s d

Mkono wa kushoto, noti moja moja:

d → f → s → d

Kwa Do = C ni hivi: kulia G C E, A C D, G B D, E G C; kushoto C, F, G, C. Besi ishuke kutoka d kwenda f ya chini, ipande s, ipande irudi kwenye d. Mkono wa kulia wakati huo unashuka polepole, ndiyo maana inasikika kama mlango unaofungwa taratibu.

Angalia kordi ya pili: d na r ziko jirani, zinasuguana. Usiogope ukaziondoa. Ule msuguano ndio unaofanya kordi ya tatu isikike kama pumzi. Noti d usiiachie, ibaki imebonyezwa kutoka kordi ya kwanza.

Ipige katika Do = C, F na G wiki ya kwanza, kisha D na B♭. Mapigo mawili kwa kila kordi, na ya mwisho ishikilie manne.

Halafu kuna mlango wa dharura. Umeanza kumalizia, unainua macho, unaona padre ndiyo kwanza anaanza kufukiza altare. Badala ya kordi ya mwisho m s d juu ya besi d, piga m l d juu ya besi l. Noti moja tu imebadilika kulia na moja kushoto, lakini wimbo haujafungwa tena, na unaweza kuendelea vipimo vingine vinane (kipimo kimoja ni mapigo manne).

Hatua ya 5: Kipande kikue

Una kipande, una besi, una kordi, una mwisho. Katikati unaweka nini? Tumia njia hizi, moja kwa wakati mmoja.

*Swali na jibu.* Vipimo vinne vinaishia kwenye s-t-r, vinauliza. Vinne vinavyofuata vinaishia kwenye d-m-s, vinajibu. Vianze vyote kwa kipande chako.

*Panda hatua.* d m s l s ipige tena ukianzia r: r f l t l. Kisha m s t d t. Mara tatu inatosha. Ya nne msikilizaji ameshajua unakokwenda, na hakuna anayependa hadithi ambayo mwisho wake anaujua.

*Shusha tuni kushoto.* Mkono wa kulia ushikilie kordi laini juu, wa kushoto upige kipande kwa noti moja moja. Sauti ileile, sura mpya. Hii ndiyo njia rahisi zaidi na ndiyo inayosahaulika zaidi.

*Ingia kwenye la.* Kwa vipimo vichache tumia l-d-m na r-f-l badala ya d-m-s na f-l-d. Muziki unakuwa wa kutafakari. Kurudi ni kupiga s-t-r, halafu d-m-s.

Walioukuza ubunifu huu ni wapiga ogani wa Ufaransa. Charles Tournemire, aliyekuwa kwenye ogani ya Sainte-Clotilde, Paris, kuanzia 1898 hadi 1939, alibuni akitumia tuni za Kigregoriani za siku husika, kazi ileile unayoifanya wewe na noti zako tano. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ogani kubwa ya mabomba na miguu miwili inayopiga besi. Wewe una spika mbili na wasiwasi. Kanuni haibadiliki.

Hatua ya 6: Panga vipimo, pima dakika

Kipimo hapa ni mapigo manne. Ukipiga mapigo 60 kwa dakika, kila kipimo ni sekunde 4. Panga hivi:

1. Vipimo 8 vya kwanza: kipande juu ya besi iliyoshikiliwa, swali na jibu.
2. Vipimo 8 vya pili: ingia kwenye la, au shusha tuni kushoto.
3. Vipimo 8 vya tatu: rudi kwenye d, kipande tena kwa kordi kamili, malizia kwa fomula.

Jumla ni vipimo 24, yaani sekunde 96. Kwa Misa ya Dominika bila ubani, mara nyingi hiyo inazidi. Ndiyo maana mwisho wa kila vipimo 8 uwe ni mahali unapoweza kutoka.

Rekodi kwa simu, sikiliza kesho yake. Usisikilize palepale, utajihurumia.

Hatua ya 7: Soma altare

Kwenye matoleo, alama yako ni mikono: padre akisogea kunawa, anza kutoka. Usisubiri amalize kujifuta. Kutoka kunachukua vipimo vinne: viwili juu ya besi s iliyoshikiliwa huku mkono wa kulia ukipunguza noti, kisha fomula ya hatua ya 4 kwa pigo moja kila kordi, na kordi ya mwisho kipimo kizima. Sekunde 16, na kanisa limetulia kabla hajafungua mdomo.

Kwenye Komunyo tazama foleni. Wakibaki watu kumi hivi, usianzishe kipande kipya. Mwisho wa Misa ndipo una uhuru: ongeza rejista ya 4 na ya 2, piga kwa mapigo 80 au zaidi, na hapo hata vipimo 40 hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 8: Kabidhi Do kwa kwaya

Kama baada yako kuna wimbo wenye Do nyingine, usimalize kisha uanze kutafuta Do mpya mbele ya watu. Tafuta s ya Do mpya, piga juu yake s-t-r-f, fikia d-m-s, nyamaza pigo moja, mpe mwalimu.

Mfano, kutoka Do = G kwenda Do = C: kordi G-B-D unayo tayari mikononi, iongezee F ya kawaida, fika C-E-G. Kutoka C kwenda F: C-E-G iongezee B♭, fika F-A-C. Kutoka G kwenda F si jirani hivyo, lakini G imo ndani ya C-E-G-B♭, kwa hiyo ishikilie G huku vidole vingine vikihama.

Makosa yanayojirudia

- Kitufe cha kuhamisha ufunguo kimesahaulika juu. Wimbo unaofuata kwaya inaanza tani moja juu, soprano wanapasuka ubeti wa pili. Afadhali ujifunze Do tano kwa vidole. Ukikitumia, kirudishe sifuri kabla hujainua mikono.
- Kuinua mkono kati ya kordi na kordi. Ogani ikiachiwa inanyamaza hapohapo. Noti inayojirudia ishikilie, na ujizoeze kubadilisha kidole juu ya kibao kilekile bila kukiachia.
- Kipande cha wimbo wa 6/8 kupigwa kwa mwendo wake wa shangwe baada ya Komunyo. Kipunguze mpaka nusu ya mwendo, noti fupi ziwe ndefu. Kiuno kikitaka kutikisika, bado hujapunguza vya kutosha.
- Kupiga tuni inayojulikana redioni kwa sababu "ni tamu". Waamini wanakumbuka maneno yake, si sala.

Ukikwama

*Nimebonyeza noti mbaya, imesikika kanisa zima.* Usiruke. Sogea kwa hatua moja kwenda noti ya kordi iliyo karibu, juu au chini. Noti mbaya inayotembea ni pambo. Inayokatwa ghafla ndiyo kosa.

*Nimepotea, sijui niko kordi gani.* Rudi kwenye besi d iliyoshikiliwa, mkono wa kulia d r m s l. Pumua. Hakuna atakayejua.

*Inasikika nyembamba.* Tuni yako iko juu mno, mbali na mkono wa kushoto. Ishushe oktava, au kama kinanda kinaruhusu, ongeza 16 kwenye upande wa besi peke yake.

*Inasikika nzito, kama pikipiki imewashwa sakristia.* Kordi ya kushoto iko chini mno, au 16 inalia mikono yote miwili. Angalia pia amplifaya, kitufe cha besi mara nyingi kimeachwa juu na waliopiga gitaa jana.

*Kila wiki nasikika vilevile.* Badilisha kimoja tu: leo vipimo vya kwanza vianze na mkono wa kushoto, au tumia mapigo matatu badala ya manne.

*Mwalimu wa kwaya anadakia wimbo kabla sijamaliza.* Kubalianeni alama kabla ya Misa: yeye haanzi mpaka umemtazama. Na wewe ukimtazama, mikono iwe imeshatoka kwenye vibao.

*Umeme umekatika katikati ya kipimo cha kumi.* Ukimya ni sehemu ya liturujia. Acha.